Maharage Tisa na Punje Mbili za Mahindi

1

Gaudensia Mwinuka alistaafu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka kumi na saba na miezi kumi na moja. Hakupewa saa ya ukutani wala blanketi. Hakupewa hata soda. Alipewa karatasi yenye kifungu cha tisa.

"Soma mwenyewe," alisema Mwalimu Kiswaga, mlezi wa klabu ya roboti, huku akiangalia viatu vyake kana kwamba navyo vina vifungu.

Kifungu kilikuwa kifupi. Dereva wa roboti awe hajatimiza miaka kumi na minane kabla ya siku ya kwanza ya mashindano. Mashindano yalikuwa yanaanza Dodoma tarehe kumi na nne ya mwezi ujao. Gaudensia alizaliwa tarehe kumi na moja ya mwezi huohuo.

"Siku tatu," alisema. "Mama angejikaza siku tatu tu, Mwalimu, leo tusingekuwa na mazungumzo haya."

Karakana ya Sekondari ya Ufundi Luvumbano ilikuwa na wanaklabu kumi na mmoja, masweta kumi na moja, na baridi ya Njombe ya mwezi wa sita, ile inayoingia kupitia kola na kutokea kwenye soksi. Katikati ya sakafu, ndani ya uwanja uliozungushiwa mbao, roboti yao ilikuwa imetulia: ya duara, ya kahawia, yenye makunyanzi ya rangi iliyopakwa na watu wenye haraka. Waliipa jina la Kiazi. Kazi ya Kiazi ilikuwa kuokota mipira ya mkonge na kuitia kwenye matenga kabla roboti ya wapinzani haijafanya hivyo. Kazi ya Gaudensia, kwa miaka miwili, ilikuwa kuwa Kiazi.

"Sawa," alisema. "Nani anaendesha?"

"Sekela."

Sekela Nyigu wa kidato cha tano alikuwa amechuchumaa kwenye kona, spana mkononi, anakaza nati ya gurudumu. Alikuwa dereva wa akiba, binti mpole, mwenye subira ya kutosha kufundisha jiwe kuogelea.

"Sekela anaendesha kama amebeba trei la mayai kichwani," alisema Gaudensia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema kila kitu, mdomo ukiwa umeshafika stendi wakati akili bado inafunga viatu. "Kwa padi ile, tenga moja litamchukua mpaka Krismasi."

Padi ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Ilikuwa padi ya kuchezea gemu, kuukuu kuliko wote mle ndani, yenye vijiti viwili, kimoja kimeegemea kushoto, na mgongo uliofungwa utepe mweusi wa fundi umeme. Padi haikujua kitu chochote. Ukibonyeza, roboti inakwenda, ukiachia, inasimama.

"Padi ya nini?" alisema Menradi Mligo, nahodha wa klabu, kijana mrefu mwenye sauti iliyomtangulia kila mahali kwa hatua tano. "Glovu si ipo?"

Gaudensia aligeukia kabati.

Glovu ilikuwa kabatini, nyeusi, nyembamba, yenye taa kumi ndogo za kijani kwenye kifundo. Tofauti na padi, glovu ilikuwa inajifunza. Saa mia za kwanza inaufuata mkono wako. Saa mia za pili inaanza kubahatisha utakachofanya. Ukifika saa mia tatu haibahatishi tena: inajua. Tangu hapo, mtu yeyote akiivaa, nyuzi zilizomo ndani zinamvuta vidole, naye anafanya kazi kama ulivyokuwa ukiifanya wewe. Makambako kulikuwa na kinyozi aliyevaa mkono wa marehemu babu yake. Alinyoa vizuri sana, ila vichwa vyote vilitoka na mtindo wa mwaka ambao babu alikufa.

Glovu ya Luvumbano ilikuwa na saa mia nne na kumi na mbili. Zote za Gaudensia.

"Huo ni mkono wangu," alisema.

"Mkono wako uko hapo begani, mbona nauona," alisema Menradi. "Hii ni glovu ya shule."

"Glovu ya shule. Mkono wangu."

"Basi toa mkono wako, utuachie glovu."

"Ukitaka nikutolee mkono, sogea karibu."

"Gaudensia," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, amesema nitoe!"

Walibishana saa nzima. Mkono wa Gau, glovu ya shule, mkono wa Gau, glovu ya shule, mpaka mbao za uwanja zikachoka. Menradi alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomuudhi Gaudensia zaidi, maana kugombana na mjinga ni starehe, lakini kugombana na mwenye hoja ni kazi. Klabu itakayoshinda Dodoma, wanachama wake wote wataingia chuo cha roboti bila mtihani. Wote, si dereva peke yake. Glovu tupu ingehitaji saa mia tatu kumjua Sekela, na zilikuwa zimebaki wiki nne. Kwa hiyo ni mkono wa Gaudensia, au padi ya msumarini.

"Tupige kura," alisema Mwalimu Kiswaga. "Kama kawaida yetu."

Kawaida yao ilikuwa hivi. Lilikuwepo kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye mfuniko. Kila mwanachama alichukua harage moja na punje moja ya mahindi, akageuka ukutani, akatumbukiza moja na nyingine akaiweka mfukoni. Kura zikishahesabiwa, zinapelekwa jikoni na kumiminwa kwenye makande ya mchana, ambayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha shule jana, leo na hata milele. Kisha wote wanakula sufuria moja. Wazee wa klabu, yaani waliomaliza miaka sita iliyopita, waliacha neno: asiyekubali matokeo, ale matokeo.

Harage lilikuwa glovu. Mahindi yalikuwa padi.

Mwalimu alimwaga kopo mezani. Maharage tisa. Punje mbili za mahindi.

"Haya nayo ni makande?" alisema Gaudensia. "Haya ni maharage yaliyopotelewa na wenzao."

Punje moja ilikuwa yake. Aliwatazama wengine mmoja mmoja akiitafuta ya pili, na kila aliyemtazama aliangalia dari. Sekela alirudi kwenye nati yake.

Mchana ule, kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu, mtu mmoja hakula matokeo.

2

Nyumbani, mama yake alikuwa amekaa nje ya jiko kwenye kigoda, anamenya viazi. Gaudensia alisalimia, akatupa begi, akasimulia yote bila kumeza mate, akiiga sauti ya Menradi na viatu vya Mwalimu. Mama hakucheka popote alipotakiwa kucheka.

"Njoo," alisema, akasimama na kisu chake.

Walishuka hadi kwenye uzio wa shamba la chai. Zamani mama alikuwa mchumaji pale, na watu walisema hakuna mikono kama yake toka Njombe mpaka Lupembe. Siku hizi kati ya mistari ya chai ilitembea mikono ya chuma, sita kwa kila gari, ikichuma bila kikapu mgongoni wala wimbo mdomoni.

"Angalia ule wa tatu," alisema mama.

Gaudensia aliangalia. Mkono wa tatu ulifika kwenye kichaka, ukapangusa umande kwa mgongo wa vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, ndipo ukachuma. Mingine haikupangusa. Ulikwenda kichaka kingine. Mara ya kwanza, mara ya pili, ukachuma.

Alimgeukia mama yake. Ndivyo alivyopangusa meza. Ndivyo alivyompangusa yeye uso alipokuwa mdogo, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha anamfinya pua.

"Mama, ule ni..."

"Msimu mmoja walituvalisha glovu. Wakasema ni za kuzuia baridi. Tukashukuru, mwanangu. Tuliimba kabisa! Msimu uliofuata wakatuambia tupumzike." Mama alitemea mate nyasi. "Unajua, sina hasira kwamba mkono ule unachuma. Na uchume. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuna aliyekuja akakaa hapa, akaniuliza, Mama Gau, tunaweza?"

Walirudi jikoni. Mama akamenya viazi kwa namna ambayo viazi vilibaki vidogo sana.

3

Alhamisi Sekela alivaa glovu kwa mara ya kwanza.

Gaudensia alikuwa ameapa kwamba hatakwenda kuangalia. Alifika wa kwanza. Akakaa juu ya kreti, mikono kifuani, uso umevimba kama andazi la hamira nyingi.

Mwanzoni ilikuwa maajabu, na hilo nalo lilimkasirisha. Kiazi kiliamka. Kilizunguka, kikanusa, kikaokota mipira miwili kwa mpigo, kikaitia kwenye tenga bila kugusa ukingo. Wanaklabu walipiga kelele. Gaudensia aliujua kila mzunguko kabla haujatokea. Ilikuwa kama kumwona mtu mwingine amevaa nguo yako ya Sikukuu, na imemkaa.

Kisha aliacha kukiangalia Kiazi, akamwangalia Sekela.

Sekela alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele yake, vidole vinaruka, na yeye mwenyewe alikuwa anaushangaa, shingo imerudi nyuma, kama mtu anayevutwa na mbwa mwenye nguvu kuliko kamba. Kila kidole kilipovutwa, bega lilichelewa kidogo, halafu likafuata kwa maumivu.

"Safi!" alisema Menradi. "Sasa tumpe mpinzani."

Alileta Gunzi, roboti yao ya zamani, akaiendesha kwa rimoti yake ndogo, amesimama ndani kabisa ya uwanja, ingawa sheria ilimkataza, maana nahodha hakuona kwamba ubao unamhusu. Gunzi lilijisogeza nyuma ya Kiazi likakigusa kidogo tu, kikumbo cha salamu.

Kiazi kiligeuka.

Kiligonga Gunzi mara moja. Kikarudi nyuma. Kikagonga mara ya pili, Gunzi likalala ubavu. Kisha kikasimama, kama kinavuta pumzi, na Gaudensia akiwa juu ya kreti alijikuta naye ameshika pumzi, maana alijua. Ya tatu. Daima kuna ya tatu.

"Sio mimi!" alipiga kelele Sekela. "Sio mimi, sio mimi!"

Ya tatu ililisukuma Gunzi mpaka kwenye muundi wa Menradi. Sauti ilikuwa kama kuni kavu. Menradi alikaa chini, akashika mguu, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake haikufika popote.

Mwalimu alizima umeme. Wakamvua Sekela glovu. Vidole vyake viliendelea kuchezacheza hewani, peke yao, vinatafuta mtu wa kumgonga.

"Glovu imeharibika?" aliuliza mtu.

"Haijaharibika," alisema Gaudensia.

Alikumbuka Iringa mwaka jana, timu ile ya wavulana waliomwita mpishi. Kikumbo kimoja kutoka nyuma. Aliwagonga mara mbili, akavuta pumzi ili afurahie, akagonga ya tatu. Watu walishangilia. Alikumbuka mazoezi yote aliyokuja amenuna, siku zote alizotoka kugombana, saa mia nne na kumi na mbili, na jinsi glovu ilivyokaa kimya kama mwanafunzi bora, ikaandika kila kitu. Ilijifunza mpira. Ilijifunza tenga. Na hasira ilijifunza pia, kwani nani aliiambia kwamba hasira si sehemu ya somo?

Menradi aliinuka akichechemea, muundi umevimba. Gaudensia alidhani mambo yameisha.

"Tutarekebisha," alisema Menradi, meno yameumana. "Tumuweke mpinzani mbali na nyuma, basi. Mnaona ilivyookota lakini? Mipira tisa kwa dakika moja!"

Na wanaklabu, ambao ungedhani wana akili, wakaitikia kwa vichwa.

Mchana kwenye meza ya makande Sekela alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu ya meza, na kidole gumba kiligonga mbao mara mbili, kikatulia, kikagonga mara mbili. Gaudensia aliangalia kidole kile. Akaangalia chake mwenyewe, upande wa pili wa meza, kinagonga mara mbili, kinatulia.

Alikiweka mfukoni. Cha Sekela kiliendelea.

4

Kitabu cha glovu kilisema hivi kuhusu kufuta: mwenye mkono aivae, akunje ngumi, ahesabu sekunde kumi. Kila sekunde taa moja inazima. Zikizima zote kumi, glovu imesahau. Mtu mwingine akikunja ngumi hata mwaka mzima, haizimi hata moja.

Ijumaa, kabla kengele ya chakula haijalia, Gaudensia aliingia karakana peke yake. Ufunguo wa kabati ulikuwa mahali pa siri ambapo shule nzima ilipajua. Alivaa glovu. Ilimkaa kama ngozi, ikamkaribisha, ikasogeza vidole vyake kidogo kwa furaha, kama mbwa aliyemwona bwana wake. Ilimchoma rohoni. Akakunja ngumi kwa hasira, ili aikate ile huruma kabla haijaota mizizi.

Taa ya kwanza. Ya pili. Alifikiria maharage tisa. Ya tatu, ya nne. Alifikiria chuo, na nafasi yake ilikuwemo humo humo. Ya tano. Ya sita.

"Unafanya nini?"

Sekela alikuwa mlangoni.

Ya saba.

"Nimekuuliza unafanya nini, Gau."

Gau. Siku zote alimwita dada Gau. Neno lile lililokosekana lilimshtua kuliko kelele. Taa ya nane ilizima, na ngumi ikafunguka yenyewe. Taa zote zikarudi, kijani, zinacheka.

"Nakuokoa," alisema Gaudensia.

"Nimezama wapi?"

"Umeuona mkono wako jana? Huwezi hata kushika kijiko! Kitu kile kinakuvuta kama..."

"Naujua mkono wangu. Ninalala nao."

"Basi kwa nini ulikubali kukivaa?"

"Nani aliniuliza?" Sekela aliingia, akabamiza mlango. Gaudensia hakuwahi kumsikia akibamiza kitu. "Jumanne mmepiga kelele saa nzima, mkono wangu, glovu yetu, mkono wangu, glovu yetu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale pale. Mimi ndiye wa kuvaa! Menradi hakuniuliza. Mwalimu hakuniuliza. Na wewe, uliyejifanya mtetezi, uliniuliza? Ulisema nabeba mayai."

"Nilikuwa natania."

"Wewe kila kitu unatania mpaka mtu aumie, halafu unakasirika kwa niaba yake. Leo umekuja kuamua tena. Umeniona mimi ni kiti, cha kukaliwa na yeyote. Wao wanataka nivalishwe, wewe unataka nivuliwe, na wote hamjawahi kugeuka mkaniangalia usoni."

Gaudensia alishusha mkono wenye glovu.

"Ile punje ya pili," alisema Sekela, sauti imeshuka, "ilikuwa yangu. Ulizunguka ukitafuta kwenye macho ya watu wote. Kwangu hukufika. Ulinipita."

Nje kengele ililia. Gaudensia alimwona mama yake kwenye uzio, kisu mkononi, akitemea nyasi. Hasira yake ilikuwa bado nzima, haikupungua hata kijiko, ila ilikuwa imegeuka. Ilikuwa inamtazama yeye.

Alivuta kreti, akakaa chini ya usawa wa macho ya Sekela.

"Sekela," alisema. "Unataka nini?"

Sekela hakujibu upesi. Alikuwa na haki ya kuchelewa, na aliitumia yote.

"Nataka padi. Najua tunaweza kushindwa, mimi si mjinga. Ila nikishindwa, nishindwe mimi. Nikishinda, isiwe wewe." Alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Na usifute humu kama mwizi wa kuku. Wana haki ya kukukasirikia uso kwa uso. Twende nikaseme, halafu wewe ufanye ya kwako."

5

Klabu ilikuwa inakula kwenye ubaraza wa jikoni, sahani magotini. Sekela alisimama mbele yao, akasema maneno manne: "Sitaivaa tena glovu ile." Gaudensia alisimama pembeni yake, glovu ikiwa mkononi, mdomo amefumba. Kuufumba kulihitaji nguvu kuliko kukunja ngumi.

Kelele zilizolipuka zilimfanya mpishi atoke na mwiko.

"Klabu imeshapiga kura!" alisema Menradi, akasimama kwa mguu mmoja.

"Kura ilikuwa ya glovu na padi," alisema Sekela. "Haikuwa ya vidole vyangu."

"Basi wiki ijayo tutafute mwingine wa kuivaa!"

"Hapana," alisema Gaudensia. "Mkono ni wangu, na sitaki ugonge mtu mwingine nikiwa sipo. Nitaufuta. Nimekuja ili mmalizie hasira zenu kwangu, siyo kwa Sekela."

Menradi alimtazama, na ile sauti yake kubwa ikapasuka katikati. "Gau, hisabati nilipata F. Unajua hilo. Mtihani wa kuingia pale siuwezi hata nikizaliwa upya. Hii ndiyo njia yangu, sina nyingine. Unaikunja kwenye ngumi yako."

Angekuwa mjinga, ingekuwa rahisi. Hakuwa mjinga. Alikuwa anasema kweli, na muundi wake ulikuwa bado umevimba kwa kazi ya Gaudensia.

"Najua," alisema Gaudensia. "Na yangu imo. Nisamehe mguu. Hili sikuombi unisamehe."

"Mwalimu, mzuie!"

Mwalimu Kiswaga aliweka sahani chini. Aliangalia viatu vyake, kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akaangalia watu. "Kifungu cha tisa nilikisoma," alisema. "Sijaona kifungu kinachonituma nimshike mtoto wa watu mkono. Na nilipaswa kumuuliza Sekela tangu Jumanne. Hilo ni langu."

Gaudensia aliinua mkono ili wote waone. Akakunja ngumi.

Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini midomo yote ilihesabu. Ya tano, glovu ilianza kumvuta kidole gumba, taratibu, inataka kugonga mara mbili. Ya saba, Menradi aliketi. Ya tisa, Gaudensia alihisi kitu kinajikunja ndani ya kiganja, kama mtu anayeshtuka anapoachiwa. Hakufungua.

Ya kumi.

Glovu ililegea, ikamning'inia mkononi kama soksi iliyofuliwa vibaya. Kwenye kifundo hakukuwa na taa iliyowaka.

Menradi aliirudia sahani yake. Alikula bila kumwangalia mtu, akitafuna kila harage kana kwamba ndilo lililomsaliti. Lakini alikula. Mpishi alimkabidhi Gaudensia sahani, na yeye, aliyekuwa amenuna tangu Jumanne, akala pia, matokeo yote, ya kwake na ya wenzake. Yalikuwa yameungua chini.

Jioni Sekela alichukua padi kwenye msumari, akakaza utepe mweusi, akasimama nje ya mbao. Kiazi kiliondoka polepole, kikasita, kikaukaribia mpira wa kwanza kama kinaomba ruhusa. Kikaukosa. Kikarudi nyuma, kikagonga ubao, kikasimama.

"Mayai mazima?" aliuliza mtu kwa nyuma. Alikuwa Menradi, ameegemea mlango, uso bado umekunjamana.

"Hata moja halijapasuka," alisema Sekela bila kugeuka, akabonyeza tena.

Gaudensia alikuwa juu ya kreti yake. Mpira ulikuwa pale pale, upande wa kushoto, nusu hatua tu, kipofu angeuona. Kidole gumba kilimruka. Mkono wa kulia uliinuka wenyewe kutoka gotini, unajua kila kitu, unataka kusaidia.

Aliushusha, akauweka chini ya paja, akaukalia.